Ulimi wa Mgeni

Asubuhi hii tungependa kuzungumza nanyi juu ya haya ya kusema. Sisi tunaozungumza ni wawili, wazaliwa wa Maweni katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu, mahali ambapo watu huchimba na kuchonga mawe ya kujengea nyumba. Mnaopajua mwajua kwamba maji matamu ni ya shida. Hukingwa ya mvua, au hununuliwa yaliyovushwa kwa mashua.

Wazazi wetu walitoka bara kuifuata kazi hiyo ya mawe, na Kiswahili chao kilikuwa cha bara. Baba wa mmoja wetu aliitwa siku ya kwanza na fundi Mwamu: "Ndoo!" Mzee akakimbia huku na huku, akarudi na ndoo mkononi. Kumbe kwa Kiamu "ndoo" ni "njoo". Watu waliangua kicheko mpaka wakakaa chini. Mzee husema kwamba baada ya siku ile alikaa karibu mwaka mzima bila kufungua kinywa mbele yao, hata alipopunjwa ujira wake, kwa kuogopa kuchekwa tena. Sisi watoto tulicheka kila hadithi hii iliposimuliwa. Hatukufikiri hata mara moja juu ya ule ujira.

Basi, tulipokua tulipata nafasi ya kwenda kusoma Hispania, katika mji wa Valencia. Kihispania tulikuwa tumejifunza Nairobi kwa miezi kadhaa, na karatasi tulikuwa nayo ya kusema kwamba twakijua. Tena kilitupendeza, maana a, e, i, o, u zake hutamkwa kama zetu. Meza kwao ni mesa, bendera ni bandera. Maneno hayo sisi tuliachiwa na Wareno, ambao lugha yao ni ndugu ya Kihispania. (Wareno hao waliubomoa mji wa Manda mwaka 1589, wakati ambapo Felipe wa Pili alikuwa mfalme wa Hispania na wa Ureno pia. Lakini hatukwenda kudai fidia.)

Tulipofika, ile karatasi haikutusaidia kitu. Watu walisema upesi kama mvua juu ya mabati. Sokoni tukawasikia wakisema lugha nyingine kabisa, Kivalencia, na vibao vya barabarani viliandikwa kwa lugha zote mbili. Siku moja, baada ya kazi ya kuosha vyombo, mmoja wetu alitaka kusema "nimechoka", yaani cansado. Akasema casado, yaani "nimeoa". Wapishi wote wakampa mkono wa pongezi na kumwuliza bibi arusi yuko wapi.

Leo twacheka. Siku ile hatukucheka. Tangu hapo tulinunua vitu kwa kunyosha kidole, tukakaa viti vya nyuma darasani, na mwalimu alipouliza swali tuliinama kana kwamba twaandika. Mama zetu walipopiga simu tuliwaambia, "Twaendelea vizuri sana."

Ndipo usiku mmoja wa Januari mwenzetu, yaani mmoja wa sisi wawili, akashikwa na maumivu ya tumbo makali, akawa anatapika na kulia. Kule nambari ya kuomba msaada ni 112. Yule mzima aliishika simu na kuitazama. Je, mwaweza kuamini? Aliitazama dakika nzima akiyapanga maneno yasije yakawa na makosa, na mwenzake sakafuni amejikunja. Hatimaye akapiga. Vitenzi vyote vilikuwa vibovu. Alisema kitu kama "rafiki yangu tumbo kufa, njoo nyumba hii". Sauti ya upande wa pili haikucheka. Iliuliza polepole: mtaa gani, nambari gani, orofa ya ngapi? Gari likaja. Ilikuwa kidole-tumbo, na daktari alisema tungengoja mpaka asubuhi kingepasuka.

Wasikilizaji, katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, mnasoma habari za vivuko vya Yordani, ambapo watu 42,000 wa Efraimu waliuawa. Aliyefika kivukoni alitakiwa kutamka neno Shiboleti, na aliyeshindwa kulitamka alishikwa na kuchinjwa. Hofu yetu ilikuwa ya namna hiyo, kana kwamba kila duka ni kivuko na kila mwuzaji ameshika upanga. Naye Musa alimlalamikia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Twaona kwamba hakuambiwa angoje mpaka uwe mwepesi. Alipewa Haruni, akatumwa vivyo hivyo.

Haruni wetu alikuwa bibi mzee wa orofa ya chini. Alisikia gari la wagonjwa usiku ule, akaja kesho yake na supu. Baadaye alikuja kila jioni, akatusahihisha bila haya, nasi tukamjibu bila haya. Alitusimulia kwamba utotoni, zama za Franco, mwalimu alimpiga viganja kwa kusema Kivalencia darasani. Tukamweleza habari za kile kibao walichovishwa watoto wa Kenya waliosema lugha ya nyumbani shuleni. Akashangaa, akaomba tumsimulie tena, naye akakumbuka mengine. Mazungumzo hayo yalikuwa marefu, na tulipopanda kulala ndipo tulipotambua kwamba hatukuyapanga maneno kabla ya kuyasema.

Mwaka jana tulirudi Manda. Penye gati ya uwanja wa ndege mgeni mmoja mwanamke, Mhispania, aliwaambia mabaharia kwa Kiswahili alichojitahidi nacho: "Mimi nataka mashuka kwenda Lamu." Vijana wakaanza kucheka, na mmoja akauliza ya kitanda kikubwa au kidogo. Yule mama akawa mwekundu, akafunga kinywa.

Tungaliweza kumjibu kwa lugha yake. Tulimwendea, tukamwambia polepole: "Mashua. Wataka mashua, mama."

"Mashua," akasema.

Tukakaa naye ubaoni. Bahari ilikuwa shwari, naye akaanza kutuuliza majina ya vitu.