Kabla ya kujenga msingi: maneno juu ya mlango wa nyumba ya chama

Sisi wa shirika leo hatukuja kugawa kitu. Tumekuja kuuliza swali moja: wanamemba wenu wenye vigari na magongo wataingia namna gani ndani ya nyumba ya mikutano mnayotaka kujenga?

Swali hili ni la leo, si la kesho. Mawe yamekwisha kufika kwenye kiwanja. Msingi ukisimama, jibu litakuwa limekwisha kutoka, hata kama hakuna mtu aliuliza.

Tunajua sababu mnataka msingi wa juu. Wote tumeona Ziwa Tanganyika likipanda miaka hii, na watu wa Uvira hawajasahau Aprili 2020, wakati mto Mulongwe ulipoingia ndani ya manyumba. Fundi ana haki akisema sakafu ipande sentimita 60. Lakini sentimita 60 ni ngazi nne. Kwa kijana si kitu. Kwa mtu wa kigari ni ukuta.

Mtasema: «Tutambeba, sisi ni ndugu.» Ni kweli, wakati wa kukimbia na wakati wa kurudi mlibebana, na hakuna wa kuwafundisha ninyi hilo. Lakini kumbeba mtu siku ya hatari ni kitu kimoja, kumbeba kila mkutano ni kingine. Anayebebwa anaingia wakati wabebaji wanataka, anatoka wakati wanataka. Akihitaji kwenda chooni wakati hesabu ya sanduku inasomwa, anaona haya kuomba. Kigari chake kinabaki inje kwa jua. Mwisho anasema anaumwa, anabaki nyumbani, na mchango wake anautuma kila mwezi. Mchango unaingia, yeye haingii.

Sasa tuongee juu ya ile njia ya mteremko, mafundi wanaita rampe. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni rahisi: kila sentimita 1 ya kupanda inaomba sentimita 12 za urefu. Basi sentimita 60 mara 12 ni metre 7 na sentimita 20. Najua wengine wanashtuka, lakini njo hesabu yenyewe. Katika kazi yetu tumeona rampe za metre 2 mbele ya sakafu ya juu namna hiyo. Mtu wa kigari hawezi kupanda pale peke yake, na akishuka anaweza kupinduka. Rampe ya vile ni ya picha ya mfadhili tu.

Kiwanja chenu ni kidogo? Hakuna lazima rampe inyooke. Inaweza kufuata ukuta, ikafika mahali pa tambarare pa metre 1 na nusu kila upande, halafu ikakata kona. Na mkiona maji hayafiki sana upande ule, sakafu ikishuka mpaka sentimita 45, rampe inakuwa metre 5 na sentimita 40. Chagueni ninyi, lakini chagueni mkijua hesabu.

Mambo mengine ya kumwambia fundi: upana ufike metre 1 na sentimita 20 au zaidi, juu ya zile kinga za magurudumu matatu za kuendesha na mikono, kwani ni pana kuliko kigari. Pembeni aweke kingo ndogo kusudi gurudumu lisitoke, na mahali pa kushika. Simenti isilainishwe, apitishe ufagio mbele haijakauka, kusudi mvua isifanye utelezi. Mbele ya mlango pawe tambarare, na mlango ufikie sentimita 90. Na choo? Kikibaki na ngazi, kazi yote imekuwa nusu.

Feza, ndiyo, itaongezeka. Lakini mawe na mchanga vinapatikana hapa hapa, mafundi wako tayari kwenye kazi, na kuvunja kisha kujenga upya kutakula zaidi. Tena mwenye kigari hatapita peke yake. Mzee wa fimbo atapita, mama mwenye mimba atapita, na kinga yenye magunia ya mihogo itapita.

Sheria nayo iko. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inataja haki za wazee na za watu wenye ulemavu. Inchi yetu iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki zao mwaka 2015, na tangu tarehe 3 Mei 2022 tuko na sheria yetu wenyewe. Lakini sheria haitakuja kupima kiwanja chenu. Ni ninyi.

Kwa hiyo tunaomba kitu kimoja. Mbele fundi hajachimba, waiteni wanamemba wenye vigari na magongo pale kiwanjani. Fungeni kamba kwenye vijiti, kwa urefu wa kweli, na wao waseme kama wanaweza kugeuka na kupita. Sisi tutakuja na metre na nivo, siku mtakayosema. Lakini neno la kwanza liwe lao.