PIKIPIKI YAKO NDIYO JEMBE LAKO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi letu)



Tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki zisizozidi 250cc, wengi wetu twapata riziki juu ya magurudumu mawili. Na wengi tumezichukua kwa mkopo. Ndugu, injini ikifa, deni halifi. Kwa hiyo leo twataka kutaja kazi ambazo kila mmoja aweza kuzifanya kwa mkono wake, kwa spana chache.

Kwanza, oili. Katika pikipiki zetu nyingi oili ile ile, yapata lita moja, hulainisha pistoni, giaboksi na klachi. Ikichakaa, vyote huumia pamoja. Ibadilishe kwa kilomita zilizoandikwa katika kitabu cha pikipiki, na uimwage injini ingali na joto, ili uchafu utoke nayo. Usitie oili ya gari, maana nyingine hutiwa dawa ya utelezi, na klachi haitashika.

Pili, plagi. Ifungue uisome. Ncha ikiwa ya kahawia, injini yachoma sawasawa. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli ni nyingi au filta ya hewa imeziba. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo na injini yapata joto mno. Ikilowa oili, huenda ringi zimekwisha.

Tatu, tapeti. Zipime injini ikiwa baridi kabisa, pistoni iko juu na valvu zote mbili zimefunga. Honda CG125 ilitolewa mwaka 1976, na injini yake imeigwa na viwanda vingi vya China. Nafasi ya tapeti zake ni 0.08 mm. Yako ina kipimo chake, kitafute kitabuni. Tapeti ikibana mno, valvu haifungi, nayo huungua. Ikilegea mno, hugonga.

Sasa twaja kwa jambo linalotusikitisha. Vijana wetu wataka mbio. Huondoa filta, hutoboa silensa, na kelele ikizidi hudhani nguvu imezidi. Mwenzetu mmoja alifanya hivyo. Vumbi la barabara likaingia moja kwa moja ndani ya silinda, likala ringi na kuta zake. Haikupita miezi mingi akawa anatoa moshi wa buluu. Alimlipa fundi, akalipa mkopo, na zile siku alizokaa nyumbani hakuna aliyemlipa.

Anayepanda milima na mizigo aweza kupata nguvu kwa njia ya halali: aondoe sproketi ya mbele yenye meno 15, atie ya meno 14 inayolingana na cheni yake. Pikipiki itavuta vizuri zaidi, ingawa mbio zitapungua kidogo. Injini haidhuriki, na akitaka aweza kuirudisha ya kwanza.

Ndugu, kipimo kimoja cha tapeti chatosha watu hamsini. Tuchange tununue kimoja kwa tawi zima, na siku moja kila mwezi tukutane chini ya mti, anayejua amwonyeshe asiyejua. Tukitunza jembe, nalo litatulisha.

Umoja ni nguvu.