Barua kwa mbunge: tuandike ama tuache?



Kila mara tunapopitisha karatasi ya kutia sahihi, kuna mwenzetu anauliza: "Mnaandikia mbunge? Atasoma saa ngapi?" Swali lake ni la haki, juu sisi wenyewe tumeandika barua iliyokufa. Ile ya kwanza ilikuwa juu ya barabara ya taifa nambari 4, inayotoka Kisangani kupita hapa kwetu Bafwasende mpaka Nia-Nia. Mnajua wenyewe: mvua ikinyesha, magari yanalala njiani, na bei ya chumvi na sabuni inapanda. Tuliituma kwa WhatsApp. Tuliona alama mbili za buluu, kisha kimya. Lakini ndani yake tuliomba barabara, umeme, hospitali na kazi ya vijana, byote kwa ukurasa mmoja. Hata sisi tungepokea barua kama ile, tungeifunga.

Ya pili tuliuliza jambo moja tu: madaraja mabovu, nani amepewa kazi ya kuyatengeneza, na pesa iko wapi? Tuliipeleka kwa mkono, tukaomba wagonge kashe na tarehe juu ya kopi yetu. Mara mbili katibu alisema bosi hayuko. Mara ya tatu akagonga. Ile kopi tukaibandika sokoni. Wiki chache mbele, msaidizi akapiga simu: anataka majina ya madaraja.

Tuseme kweli, madaraja hayajatengenezwa. Lakini mheshimiwa alipokuja, watu walimuuliza juu ya barua, na hakuweza kusema hakuipata.

Kwa nini tunasumbuka na kashe? Katiba ya 18 Februari 2006, ibara ya 27, inasema kila Mkongomani, peke yake ama pamoja na wengine, ana haki ya kupelekea wakubwa wa leta ombi lake, na wanapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Tena hakuna anayeweza kushtakiwa kwa sababu aliandika. Sasa, bila kashe, hiyo miezi 3 utaihesabu tangu siku gani?

Wazee wetu hawakuwa na ibara hiyo. Tarehe 1 Novemba 1980 wabunge 13, Étienne Tshisekedi akiwa mmoja wao, walimwandikia Mobutu barua ya wazi ya kurasa 52. Walipoteza viti, wakakamatwa, wakafukuzwa kwenda kukaa mbali. Mobutu hakubadilisha kitu. Ila katika kundi lile ilizaliwa UDPS, mwaka 1982. Na Januari 2015, wakati sheria ya uchaguzi ilitaka tuhesabiwe kwanza ndipo tupige kura, si barua iliyoondoa kile kifungu. Ni watu walioingia barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani. Hatutawadanganya juu ya hilo.

Barua inasaidia pale uamuzi haujakatwa bado. Hapo ndipo wengi tunakosea, hatuangalii kalenda. Bunge la taifa linakaa kuanzia 15 Machi mpaka 15 Juni, halafu 15 Septemba mpaka 15 Desemba, na kikao hiki cha pili ndicho cha bajeti. Ukipeleka barua ya pesa ya barabara siku ya Noeli, umekuja kula sahani zimeoshwa. Agosti ndiyo saa yake, wakati wako likizo.

Tena tujue tunaomba nini. Mbunge hana kijiko cha kuchimba barabara. Ana swali la maandishi, swali la mdomo, na uwezo wa kumwita waziri ajieleze, ibara ya 138. Basi tusimwandikie "tutengenezee barabara". Tumwandikie "muulize waziri wa kazi za umma swali hili". Mbunge wa jimbo, yeye anauliza gavana. Anaweza kukataa, maana ibara ya 101 inasema mbunge wa taifa hapewi amri na aliyempigia kura. Sawa, akatae, lakini kwa maandishi, na hiyo karatasi nayo tutaibandika sokoni.

Jumamosi saa nane tunaandika barua ya tatu. Dereva wa pikipiki, mama wa soko, yeyote anayejua daraja gani limevunjika kati ya hapa na Nia-Nia, aje. Na mtu alete biki, zetu zimekauka.