Miguu Isiyotulia Usiku
Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa kambi, Majanji

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa usioonekana kwa macho. Umelala, kambi imenyamaza, halafu miguu inaanza kusumbua, kama wadudu wanatambaa ndani ya nyama. Ukiisogeza unapata nafuu. Ukitulia, hali inarudi. Unaamka, unazunguka nje, na jirani anasema umerogwa.

Hukurogwa. Daktari Thomas Willis wa Uingereza aliandika habari za hali hii mwaka 1672, na Karl-Axel Ekbom wa Sweden aliieleza kwa kirefu mwaka 1945.

Chanzo chake ni nini? Miguu ndiyo inayolalamika, lakini shida iko katika ubongo. Ubongo hutumia kemikali iitwayo dopamini kuongoza mwendo wa mwili. Kemikali hiyo huhitaji madini ya chuma ili ifanye kazi vizuri. Chuma kikipungua katika ubongo, kazi hiyo huvurugika, hasa jioni na usiku. Wengine huirithi hali hii katika ukoo.

Walio hatarini zaidi ni mama wajawazito, wenye upungufu wa chuma na wagonjwa wa figo. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu na kumaliza chuma. Dawa nyingine, kama baadhi ya zile za mafua na za kuzuia kutapika, huzidisha shida.

Ufanye nini?

1. Nenda kituo cha afya, eleza hali yako na dawa zote unazotumia. Usiache dawa uliyoandikiwa bila ushauri.
2. Mama mjamzito, hudhuria kliniki na umeze vidonge vya kuongeza damu unavyopewa. Wengi hupata nafuu baada ya kujifungua.
3. Kula mukene, yaani dagaa, maharage na mboga za majani, pamoja na limau au chungwa. Chai inywe baadaye, si pamoja na chakula.
4. Vaa viatu na tumia choo, ili kuzuia safura.
5. Usimeze vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Viweke mbali na watoto, vinaweza kuua.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Na wewe baba, mama akitembea usiku usimgombeze. Asubuhi msindikize kliniki.