Unono wa mtoto na moyo wake: maneno tuliyosema mu mukutano wa shirika



Kati yenu kuko waliotoka Mitwaba, kuko waliotoka Pweto, na kuko waliorudi kutoka Mantapala, Zambia. Njaa munaijua. Ndiyo maana tukipita mu parseli za Ruashi na Kampemba tunasikia mama anasema: "Mutoto wangu iko munene sasa, Mungu alitukumbuka." Furaha hiyo tunaielewa. Lakini kuko jambo ambalo macho hayaoni.

Ugonjwa wa moyo hauanzi siku mtu anaanguka. Mwaka 1973, mu mji wa Bogalusa, Marekani, Dokta Gerald Berenson na wenzake walianza kufuatilia afya ya watoto. Wengine walipokufa wakiwa vijana, zaidi kwa ajali, mishipa yao ya damu ilichunguzwa. Mafuta yalikuwa yameshaanza kujibandika ndani. Waliokuwa na unono, tansio na mafuta mengi ya damu, mishipa yao ndiyo iliharibika zaidi.

Njaa nayo inaacha alama. Uholanzi ilipigwa na njaa kali ya vita mwaka 1944–1945. Watu ambao mama zao walikuwa na mimba changa wakati ule walipata ugonjwa wa moyo zaidi walipokuwa wakubwa. Basi mtoto aliyekonda mbele, halafu akanona haraka, anabeba mizigo miwili. Mafuta ya tumbo yanazuia insulini kufanya kazi vizuri. Sukari ya damu inapanda, tansio pia, na mtoto hasikii maumivu yoyote.

Hatusemi mumunyime mtoto chakula, hapana. Bukari, sombe, maharagi, samaki: hivyo ni vyakula vyake. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni sukre. Chupa moja ya sentilita 33 inaweza kuwa na gramu 35 za sukari, karibu vijiko 8 vya chai. Hakuna mama anayetia vijiko 8 mu kikombe cha mtoto, lakini ku feti tunampa chupa mbili. Apewe maji. Tena acheze: OMS inasema saa moja kila siku, kuanzia miaka 5. Ku kijiji aliipata akienda shambani. Hapa mujini inabidi tumwachie nafasi.

Kipimo ni kamba tu. Mtoto akishafika miaka 6, pima urefu wake kwa kamba, kisha ikunje katikati. Ile nusu ikishindwa kuzunguka kiuno chake, mupeleke ku santre ya afya.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, pesa za sanduku zinazonunua sukre ya feti ya watoto zinunue maji, ndizi na maharagi. Pili, wafadhili, badala ya maboksi ya biskuti, mutupatie ubao wa kupima urefu na mkanda wa tansio wa saizi ya mtoto. Mkanda wa mtu mkubwa ku mkono mdogo unaonyesha tansio ya chini kuliko ilivyo kweli, na mtoto mgonjwa anarudishwa nyumbani kama mzima.

Juu ya sanduku, ninyi ndio mutakata shauri mu mukutano ujao.