Habari Zipi Zastahili Fedha Zetu?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa reli, Mombasa)



Tumeombwa tuseme juu ya habari tunazolipia. Siku hizi wengi wetu twaletewa habari simuni: za mpira, za siasa, za nafasi za kazi. Kila ujumbe ukiingia, salio lapungua. Tuseme mtu amejiandikisha mahali patatu, na kila pamoja hukatwa shilingi 5 kwa siku. Hizo ni shilingi 15 kwa siku, 450 kwa mwezi, 5,475 kwa mwaka. Fedha hiyo yatosha kununua sare na madaftari ya mtoto.

Basi zipi tubaki nazo, zipi tuziache? Sisi twapima kwa maswali matatu.

La kwanza: Habari hizi zimetusaidia kutenda jambo gani? Matokeo ya mpira twayapata barazani Kibokoni kwa bei ya kikombe cha kahawa, tena pamoja na ubishi wake. Lakini habari za mishahara, kodi na makato zamgusa kila mmoja wetu. Hizo tusiziache.

La pili: Nani asemaye? Katika mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa, na msomaji alijua ni maneno ya nani. Gazeti la Baraza lilianza 1939, mhariri akiwa Francis Khamisi, lakini mwenye mali alikuwa kampuni ya East African Standard, gazeti la walowezi. Kumjua mwenye gazeti si sababu ya kuacha kulisoma. Ni sababu ya kulisoma kwa macho mawili. Ujumbe usio na mwenyewe, huo hatuna haja ya kuulipia.

La tatu: Twaweza kuzihakikisha? Katika mgomo mkuu wa Januari 1947, watu wa bandari na wa reli walikutana Kiwanja cha Maskini, wakasikia habari kwa masikio yao. Leo mtu husoma simuni kwamba mgomo umeitwa, akabaki nyumbani, kumbe chama hakikuita. Atakayepoteza mshahara ni yeye, wala aliyempelekea ujumbe hatamrudishia hata senti. Sheria ya mahusiano kazini ya mwaka 2007 yataka notisi ya mgomo ya siku 7, kwa maandishi, kutoka kwa mwakilishi wa chama. Basi ulizeni: Karatasi iko wapi?

Wako wasemao, tuache zote tupumzike. Hapana. Asiyesoma chochote hutegemea uvumi, na uvumi ni ghali kuliko gazeti. Tawi likinunua gazeti moja, kama Taifa Leo, likasomwa na watu 20 kwa zamu, kila mtu hutoa kidogo sana. Na Gazeti la Serikali, lenye matangazo ya sheria, lasomeka bure katika mtandao.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa siku 30 kila mtu aandike ni habari gani alizolipia, ni kiasi gani, na ni ipi iliyomfaa. Isiyofaa hata mara moja, aifunge. Kisha tuje na madaftari yetu mkutano ujao, tuchague pamoja gazeti la kuwekwa ofisini.