Kumwuguza Mgonjwa wa Skizofrenia
Maneno tuliyoyasema mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya kazi yetu ya kuwauguza watu wenye maradhi ya akili, hasa yale yaitwayo skizofrenia. Twashukuru kwa nafasi hii. Lakini kabla hatujaanza, yatupasa tukiri jambo moja mbele ya wazee.

Wengi wenu mwamkumbuka kijana aliyefungwa kamba katika ua wa jamaa zetu, miaka kadhaa iliyopita, hata vifundo vya mikono yake vikatoka vidonda. Walioitwa waje kusaidia kumshika ni sisi, wauguzi wa chama hiki, nasi tulimshika. Hatukusema, "Mfungueni." Tulisema, "Kazeni, asije akaumiza mtu." Kijana yule hakuwa amempiga mtu hata mmoja. Alikuwa na siku nne hajalala, na alikuwa akizikimbia sauti. Tumemwomba ruhusa tulitaje jambo hili leo, naye ametupa, kwa sharti kwamba jina lake lisisemwe. Akatuambia pia kwamba anakumbuka nani alishika mkono upi.

Sasa tuuseme ugonjwa wenyewe. Jina lake lilitungwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya akili iliyopasuka. Jina hilo limewapotosha wengi, wakadhani mgonjwa ni watu wawili katika mwili mmoja. Sivyo. Mgonjwa husikia sauti zisizo na msemaji. Huamini kwamba jirani anamtilia sumu, au kwamba redio yamsema yeye. Maneno yake hukatika na kurukaruka. Hayo ndiyo watu wayaonayo. Yasiyoonekana upesi ni mazito kuliko hayo: kijana aliyekuwa mcheshi hukaa kimya, haogi, hana haja na rafiki wala kazi, na uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni. Wazazi husema amekuwa mvivu. Wengi wamepigwa kwa ajili ya uvivu huo kabla mtu hajafikiri juu ya hospitali.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba wenye ugonjwa huu walikuwa kama milioni 24 duniani, yaani mtu 1 katika kila 300. Tarafa yenye watu 30,000, kwa hesabu hiyo, ina wagonjwa wapatao 100. Wazee mnaotoka katika tarafa kama hiyo, jiulizeni mwawafahamu wangapi. Waliobaki wamo katika vyumba vya nyuma.

Huanza aghalabu katika ujana, na wanaume hushikwa mapema kidogo kuliko wanawake. Hurithiwa kwa sehemu, lakini wapo wengi ambao katika ukoo wao hakuna aliyepata kuugua. Kuvuta bangi sana tangu ujana kwaongeza hatari. Malezi ya mama hayauleti. Akina mama mliomo humu ndani, tafadhalini lishikeni neno hilo hata kama hamtashika jingine lolote.

Watu hutuuliza, muuguzi hufanya nini hasa, ikiwa daktari ndiye aandikaye dawa? Tutajibu kwa kisa kimoja.

Tulipokuwa wanafunzi, katika wodi moja, alikuwapo mgonjwa aliyekataa kula kwa sababu aliamini chakula kina sumu. Siku tatu tulibishana naye. Tulimwonyesha sufuria, tukamwapia, tukaonja ugali mbele yake, na kila jioni tukaandika katika daftari la wodi: "Akataa chakula." Alikuwapo pale mzee mmoja mtumishi, asiye na cheti chochote. Siku ya nne mzee yule alichukua mayai mawili ya kuchemsha, yangali na maganda yake, na ndizi mbili zisizomenywa, akaketi kando ya kitanda, akaviweka katikati. Hakusema neno. Alimenya yai moja akalila polepole, akitazama dirishani. Baada ya muda mgonjwa akanyosha mkono, akachukua lile la pili, akaligeuzageuza atazame kama lina ufa, kisha akalimenya.

Yai lenye ganda halitiwi sumu kwa urahisi. Mzee yule hakubishana na hofu ya mgonjwa wala hakuikubali. Alitafuta chakula ambacho hofu ile ingekiachia nafasi. Huo ndio uuguzi, na sisi wenye vitabu tulijifunza kwake.

Kadhalika kwa habari ya sauti. Mgonjwa akikwambia anasikia watu wakimtukana, usimwambie, "Hakuna kitu," maana yeye azisikia kama wewe unavyotusikia sisi sasa. Wala usimdanganye kwamba nawe wazisikia. Mwambie hivi: "Mimi sizisikii, lakini naona zinakutia hofu. Niko hapa nawe." Kisha muulize zasema nini. Zikiwa zamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu mwingine, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari. Wengine huogopa kumwuliza mgonjwa kama anafikiri kujiua, wakidhani swali litampa wazo. Halimpi. Aghalabu humpunguzia mzigo.

Mambo mengine ni madogo lakini yana maana. Usimjie kwa nyuma ukamshika. Usisimame mlangoni ukamzibia njia, maana anayeogopa akiona pa kutokea hutulia. Msinong'one wala kucheka faraghani karibu naye, kwani atajua ni yeye anayesemwa, na mara nyingi, tuseme kweli, ni yeye.

Hapa twataka kukaa kidogo, maana ndipo wagonjwa wengi wanapopotea: habari ya dawa.

Kabla ya miaka ya 1950 hapakuwa na dawa ya kutuliza sauti hizo. Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui, ikapewa jina la Mathari mwaka 1924, na katika siku zile za ukoloni wagonjwa walitengwa humo kwa rangi zao. Kazi kubwa ilikuwa kuwafungia. Mwaka 1952 madaktari wa Paris walianza kutumia klopromazini kwa wagonjwa wa akili, na baada ya hapo milango ya hospitali za namna hiyo ilianza kufunguka, kidogo kidogo, duniani kote. Leo dawa ni nyingi: haloperidoli, risperidoni, olanzapini, na iko sindano ya flufenazini ambayo hukaa mwilini, mtu akadungwa kila baada ya majuma 2 hadi 4, asihitaji vidonge vya kila siku.

Dawa hizi huzima sauti kwa wengi, au huzipunguza. Haziwafai wote sawasawa, na zina matata yake, ambayo asipoambiwa mtu mapema huyadhania kitu kingine. Katika siku za kwanza shingo ya mgonjwa yaweza kupinda ghafula, macho yakageuka juu, taya zikakaza, ulimi ukatoka nje. Atazamaye asiyejua atasema ni jini. Tumeona nyumba ambamo mgonjwa aliyepatwa na hayo alikimbizwa kupungwa, dawa ikatupwa chooni, na baada ya miezi miwili akaokotwa barabarani. Shingo ile ilikuwa imepindwa na dawa, na iko dawa ya kuilegeza ambayo hufanya kazi upesi. Mkiona hivyo, mpelekeni kituo cha afya saa ile ile, na semeni ametumia dawa gani. Wengine hutetemeka na kukakamaa, wengine hawawezi kutulia kitini, miguu yataka kutembea tu. Hao nao wasaidiwa kwa kupunguziwa au kubadilishiwa dawa, lakini daktari hatajua kama muuguzi na jamaa hawakusema.

Olanzapini nayo huweza kumnenepesha mtu sana na kumletea sukari. Kwa hiyo mgonjwa apimwe uzito, apimwe sukari na msukumo wa damu. Twalisema hili kwa mkazo kwa sababu watu wenye skizofrenia hufa mapema mara 2 hadi 3 kuliko wengine, na mara nyingi wanaloondoka nalo ni gonjwa la mwili lililokuwa na tiba, kama la moyo au la kifua. Mgonjwa wa akili asemapo kifua chamuuma, watu husema, "Huyu ni wazimu wake." Tumewahi kulisikia neno hilo likitoka kwa watu waliovaa sare kama yetu.

Mgonjwa akishapona hutaka kuacha dawa. Nani asiyetaka? Hapo ndipo dalili za kurudi zifaapo kujulikana nyumbani: usingizi unapungua, anajitenga, anaacha kuoga, anaanza tena kuitazama redio kwa wasiwasi. Anayemjua vizuri huziona siku nyingi kabla ya fujo. Wala hatumkatazi mtu dua, wala sala, wala kwenda kwa mzee wake. Twaomba tu sindano isikatizwe.

Katika uchunguzi ulioanzishwa London miaka ya 1950, George Brown na wenzake waliona kwamba wagonjwa waliorudi katika nyumba za kukaripiwa daima, au za kuhangaikiwa kupita kiasi, waliugua tena zaidi kuliko wale waliorudi penye utulivu. Hilo halisemi kwamba jamaa ndio walioleta ugonjwa. Lasema kwamba sauti zetu pia mgonjwa huzisikia, na za kwetu twaweza kuzishusha. Na huko Abeokuta, Nigeria, mwaka 1954, Daktari Thomas Adeoye Lambo alianza kuwapangisha wagonjwa wa Aro katika vijiji vilivyo karibu na hospitali, kila mmoja pamoja na jamaa yake wa kumpikia na kumwangalia. Asubuhi walikwenda kutibiwa. Jioni walirudi kijijini, wakala na watu, wakafanya kazi shambani. Jambo hili lilifanywa na Mwafrika, kwa desturi za Kiafrika, nasi hatuhitaji ruhusa ya mtu kuliiga.

Sheria yetu ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa haki za mgonjwa zimeandikwa humo, na serikali za kaunti zimepewa wajibu wa kumtunza. Ni vizuri. Lakini sheria haipandi basi.

Basi turudi kwa kijana wetu. Baada ya kufunguliwa alitibiwa, akapona kiasi cha kutengeneza baiskeli na kufuga kuku. Hupigwa sindano kila baada ya majuma 4. Mwaka jana alikosa sindano mbili mfululizo. Hakukataa, mama yake alikosa nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Kuku wakauzwa, baiskeli za watu zikalala nje katika mvua, na yeye akarudi kule kule alikokuwa. Alipata nafuu tena, lakini safari hii ilichukua muda mrefu zaidi.

Wazee wetu, chama hiki kina mfuko wa msiba. Mwanachama akifiwa, fedha za kumsafirisha marehemu hadi nyumbani hutolewa siku ile ile, bila kungoja kikao, na hakuna anayeuliza marehemu alikuwa na manufaa gani. Tunajivunia hilo, na sisi wenyewe tumenufaika nalo. Lakini tumezisoma kanuni tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na nauli ya mgonjwa aliye hai haimo.

Kwa hiyo twaleta ombi letu mbele ya mkutano huu. Kiongezwe kifungu kimoja: nauli ya mgonjwa wa akili na msindikizaji wake 1, kila siku ya sindano au ya kuonana na daktari, itolewe na Mweka Hazina kama itolewavyo ya msiba. Na mama akiwa mgonjwa au mzee, mwanachama wa mtaa ule asindikize kwa niaba yake. Kwa kazi hiyo tumefungua daftari, liko mezani kwa Katibu, na majina yetu tumekwisha kuyaandika. Sindano ya kijana yule ni Alhamisi ijayo, na mpaka tunapozungumza hapa nauli haijapatikana.